Talaka imesainiwa, kadi ya bima bado inasoma: una siku ngapi?

Swali limetoka kwa dada mmoja aliyeko Columbus, Ohio, ameliandika tarehe 11 Oktoba. Nimelifupisha: "Shikamoo dada. Mimi ni CNA (msaidizi wa wauguzi) kwenye nyumba ya wazee, nina watoto wawili. Ndoa ya miaka 11 imeisha, jaji alisaini tarehe 19 Septemba. Nilikuwa kwenye bima ya kazini kwa mume wangu, kampuni kubwa tu. Nina faibroidi, nimepangiwa operesheni tarehe 13 Novemba na didaktibo ya mwaka huu (hela ninayolipa mwenyewe kwanza kabla bima haijaanza kulipa), dola 3,000, nimeshaimaliza kwa vipimo. Baba watoto anasema nisiwaambie HR, ofisi ya wafanyakazi kazini kwake, niendelee kutumia kadi mpaka Desemba, eti ananisaidia. Jana nimenunua dawa na kadi imesoma vizuri. Je, bado nina bima? Nifanye operesheni kwanza ndo nihangaike na mengine?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana, talaka peke yake ni mzigo halafu na ugonjwa juu yake. Nitakujibu moja kwa moja kwa sababu siku zako zinakwenda: hapana, kwa kila ninachokijua huna tena haki kwenye ile bima, na tafadhali usiende theatre na kadi ile. Kadi kusoma duka la dawa haina maana kwamba una bima. Ina maana tu kwamba hakuna mtu aliyeiambia kompyuta kwamba mmeachana.

Nieleze inavyokwenda. Bima ya kazini hapa Marekani inamfunika mfanyakazi, mwenza wake wa ndoa, na watoto. Siku jaji anaposaini dekrii, yaani hukumu ya talaka, wewe umetoka kwenye neno mwenza, basi. Plani nyingine zinakata siku ileile, nyingine zinakuacha mpaka mwisho wa mwezi, kwa hiyo kwako ni ama 19 Septemba au 30 Septemba, inategemea kilichoandikwa kwenye kile kitabu cha plani ambacho HR wanacho na wewe una haki ya kukiomba. Jaji hawezi kuandika kwenye dekrii kwamba uendelee kama mke, plani haimsikilizi kwa hilo. Anaweza kumwamuru baba watoto akulipie bima kwa muda, hiyo ndiyo, lakini ni hela anakulipia, haikurudishi kwenye kadi yake.

Sasa huyu baba watoto, mimi sitaki kumsema vibaya, naamini kweli anadhani anakusaidia, wanaume wengi nimewasikia wakisema hivyohivyo. Lakini angalia kinachotokea. Vuli hii kampuni zinafungua usajili wa mwaka mpya na nyingi siku hizi zinaomba ushahidi wa ndoa, au yeye mwenyewe anabadilisha fomu ya kodi kuwa hajaoa, au anaoa. Plani ikigundua inarudi nyuma mpaka siku ya talaka, inafuta, na inadai hela zake zote ilizolipa tangu siku hiyo. Daktari wa usingizi, chumba, maabara, wote wanakugeukia wewe. Nilishawahi kukaa mezani na mama mmoja, miaka ya nyuma, ana boksi la viatu limejaa bahasha, alikaa kwenye kadi ya mtalaka wake miezi saba kwa nia njema kabisa, alijifungulia humohumo. Kampuni ilipojua ikafuta zote. Bili ile ilikuwa kubwa sana, lakini kilichomliza ni kitu kingine, ni pale nilipomwambia kwamba angetoa taarifa ndani ya siku 60 angekuwa na haki yake mwenyewe, kwa jina lake, bila kumwomba mtu, na siku 60 zilikuwa zimeshapita zamani.

Hiyo haki inaitwa COBRA, ni sheria ya shirikisho iliyosainiwa 1986, na inamgusa karibu kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea. Kwa mtu aliyepewa talaka inakupa mpaka miezi 36 ukiwa kwenye plani ileile, madaktari walewale, didaktibo yako uliyomaliza inahesabika hukohuko. Unachokipoteza ni mchango wa mwajiri. Unalipa bei yote mwenyewe pamoja na asilimia 2 ya usimamizi, ndo maana wanasema asilimia 102. Bei kamili watu huwa wanashtuka, manake walizoea kuona makato madogo kwenye cheki wakadhani ndiyo bei ya bima. Kwa wastani wa nchi nzima mwaka 2024 bima ya kazini ya mtu mmoja ilikuwa dola 8,951 kwa mwaka, kwa hiyo COBRA yake inakuja kama dola 760 kwa mwezi. Ya kwako inaweza ikawa juu au chini ya hapo, ila bei unayostahili kutozwa ni ya mtu mmoja, usikubali kuambiwa ya familia kama unajichukulia peke yako.

Na hapa ndipo wengi wanapoangukia. Mtu akifukuzwa kazi, mwajiri ndiye anayetoa taarifa. Kwenye talaka ni nyinyi. Sheria imemwachia mfanyakazi au mtalaka awaarifu wenye plani, na plani zinatoa siku 60 za kufanya hivyo. Kuna namna za kuhesabu zinazoweza kukuongezea siku, kwa mfano kuanzia siku bima ilipokatika badala ya siku ya dekrii, lakini mimi simwambii mtu ategemee hizo, hesabu kuanzia jaji alivyosaini na kwako siku ya 60 ni tarehe 18 Novemba. Umeona hiyo? Operesheni 13, mwisho wa taarifa 18. Ukifanya "operesheni kwanza" umelala kitandani na mshono mbichi huku una siku tano za kuokoa miezi 36.

Lakini kuna saa nyingine inayokwenda haraka zaidi, na hiyo hukuiuliza kabisa. Kazini kwako mwenyewe. Wewe ni CNA, hukusema ni ful taimu au la, lakini kama nyumba yenu ya wazee inatoa bima kwa wafanyakazi na wewe uliikataa kwa sababu ulikuwa kwa mumeo, sheria inakuruhusu uingie sasa hivi katikati ya mwaka bila kusubiri msimu. Una siku 30 tu za kuomba, tangu ulipopoteza ile nyingine. Kwa hesabu ya kujilinda zinaisha tarehe 19 Oktoba, ambayo ni Jumapili, kwa hiyo wewe sema mwisho wako ni Ijumaa tarehe 17. Umeniandikia Jumamosi tarehe 11, una wiki moja ya kazi. Ukiomba ndani ya muda, bima inaanza si zaidi ya tarehe mosi ya mwezi unaofuata, yaani 1 Novemba, kabla ya operesheni.

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi kabla hujaingia shifti pita ofisini kwenu, waambie umepoteza bima kwa ajili ya talaka, waombe fomu ya kuingia na karatasi yenye bei na didaktibo. Kuchukua karatasi si kusaini.

Halafu ukae chini na kalamu, kwa sababu kwenye hali yako ya operesheni mwezi ujao jibu halipo wazi kama linavyoonekana. Tuseme kazini kwenu makato ni dola 180 kwa mwezi, inaonekana rahisi mno ukilinganisha na 760. Lakini didaktibo yao inaanza sifuri, tuseme 4,000, na operesheni yako itaimeza yote halafu Januari, kama plani yao inafuata mwaka wa kalenda, inarudi sifuri tena. Novemba na Desemba makato 360, ongeza 4,000, umefika 4,360 kabla hujagusa asilimia ya bili unayochangia baada ya didaktibo. COBRA ya Oktoba, Novemba na Desemba ni kama 2,280 na didaktibo umeshaimaliza, unabaki na asilimia yako tu mpaka ufike kikomo cha mwaka. Kwa mfano huu COBRA, ile ghali, ndiyo inayokuokolea hela, halafu msimu wa usajili kazini kwenu ukifika unajisajili kuanzia Januari na COBRA unaiacha. Weka namba zako za kweli mahali pa hizi zangu. Na uhakikishe kazini kwenu usajili unafunguliwa kabla ya Januari, wapo wanaofuata mwaka unaoanza Julai, hapo hesabu inageuka kabisa. Operesheni ikisogezwa mpaka mwakani pia inageuka, didaktibo ya plani ya mtalaka wako nayo inaanza upya.

Kitu kimoja wenzetu wengi hawakijui: kutoa taarifa hakukufungi kununua. Ukishawaarifu, wana siku 14 za kukutumia karatasi ya kuchagua, kisha una siku 60 za kuamua, na ukishachagua una siku 45 za kulipa mara ya kwanza. Ukilipa, bima inarudi nyuma mpaka siku ilipokatika bila pengo, ila na hela za miezi yote ya nyuma unalipa. Kuna watu wanatumia nafasi hiyo kukaa bila kulipa wasubiri kama wataumwa. Wewe usifanye hivyo. Wewe una tarehe ya theatre, na hospitali itapiga simu kuulizia bima siku kadhaa kabla, ikikuta imekatika wanaweza kukuahirisha au kukutaka ulipe mbele. Ukiwaarifu kwa barua pepe tarehe 13, karatasi zinatakiwa ziwe zimetumwa kufikia tarehe 27, saini siku hiyohiyo, lipa siku hiyohiyo, halafu mpigie mtu wa bima pale hospitali umweleze kwamba uko kwenye COBRA na imelipiwa. Wakipiga simu kuuliza, plani inatakiwa iwaambie hali yako kamili, sio jibu la "hayupo" halafu simu ikakatwa.

Taarifa yenyewe ni barua fupi tu ya Kiingereza: jina lako, jina lake na namba ya uanachama iliyoko kwenye kadi, tarehe ya talaka, na kwamba unaomba karatasi za COBRA, ukiambatanisha nakala ya ukurasa wa dekrii wenye saini ya jaji. Kitabu cha plani kinasema ipelekwe wapi, saa nyingine sio HR bali kampuni nyingine inayowasimamizia. Itume kwa barua pepe na pia uende posta uitume kwa rejista yenye kile kikadi cha kijani kinachosainiwa na mpokeaji na kurudi kwako. Kikadi kile kihifadhi na pasipoti yako. Nimeona kesi inashinda kwa kikadi kile tu, kampuni inasema hatukupata, mama anakitoa kwenye pochi na saini ya mtu wao ipo.

Na kwenye barua hiyo, kwa herufi kubwa, ANWANI YAKO MPYA. Plani inatimiza wajibu wake ikituma bahasha kwenye anwani ya mwisho inayoijua, na anwani inayoijua ni ile nyumba uliyohama. Bahasha inafika kule, inawekwa juu ya friji na matangazo ya pizza, siku 60 zinakwisha, na kisheria umeshaarifiwa. Huyo baba watoto hata akiwa mwema, usiweke haki yako juu ya friji lake.

Watoto sasa. Wao hawajaachana na baba yao. Wakiwa watoto wake wa kuzaa wanabaki kwenye bima yake kama kawaida, na plani inayofunika watoto inawachukua mpaka miaka 26. Angekuwa na mtoto wa kambo humo ndani, huyo angetoka pamoja na wewe na angekuwa na haki yake ya COBRA kivyake. Angalia dekrii inasema nani anawakatia bima, na kama ni yeye, omba kwa jaji au kwa ofisi ya matunzo ya watoto ile amri maalumu ya bima inayopelekwa kwa mwajiri. Ikishapokelewa, mwajiri anawasajili hata kama baba hakujaza fomu, na wewe unayekaa nao unatumiwa kadi na taarifa zao bila kumpigia simu kila mtoto akipata homa. Hili limepunguza ugomvi mwingi kwa watalaka ninaowajua.

Kama COBRA na ya kazini zote zinakushinda, liko soko la bima la serikali, HealthCare.gov, Ohio mnatumia hilohilo. Kupoteza bima kunakufungulia mlango wa siku 60, na bima inaanza tarehe mosi ya mwezi unaofuata ukishachagua plani. Simu yao ni 1-800-318-2596, unaweza kuomba mkalimani bure, sema tu "Swahili" na usubiri. Tahadhari mbili. Kazini kwako wakiwa wanatoa bima ambayo serikali inaihesabu kuwa unaimudu, hupati ruzuku sokoni hata kama hukuichukua. Na ukishakaa kwenye COBRA mlango wa siku 60 ukafungwa, ukichoka kulipa katikati ya mwaka huwezi kuruka tu ukaingia sokoni, unasubiri msimu unaofunguliwa 1 Novemba. Kwako bahati nzuri msimu uko karibu.

Na Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, usiiruke kwa aibu. Ohio ni jimbo lililoipanua iwachukue watu wazima wengi zaidi, na baada ya talaka wanaangalia kipato chako wewe, cha kwake hakimo tena. Kwa viwango vya 2025, kaya ya watu watatu, yaani wewe na watoto wako wawili ukiwa ndiye unayewaweka kwenye kodi yako, mstari uko kama dola 36,777 kwa mwaka, kama 3,065 kwa mwezi. CNA wengi wako hapohapo. Hukusema mshahara wako wala karatasi zako, na kwa watu wazima wengi wenye green card kuna kungoja miaka mitano kwanza, lakini kama ni raia au umeshaivuka hiyo miaka, omba kesho, haina msimu wala mlango wa siku 60. Ila jibu lake linaweza kuchukua mpaka siku 45, ndo maana barua ya COBRA inakwenda vilevile, usisubiri moja ukapoteza nyingine.

Kwa wengine mnaosoma, maana najua hali zinatofautiana. Mumeo akikupa talaka nyumbani au mbele ya shehe, kwa dini mmeachana, lakini kama mlifunga ndoa inayotambulika hapa plani bado inakuona mke mpaka mahakama itoe dekrii, kwa hiyo usikubali kuambiwa bima imekatika kwa sababu ya karatasi ya msikitini. Na aliyeondolewa kwenye bima kimyakimya wakati kesi bado inaendelea, ajue sheria imeliona hilo: akitoa taarifa ya talaka kwa wakati, plani inatakiwa impe COBRA kuanzia siku ya dekrii kana kwamba hakuondolewa. Mwajiri wa watu chini ya 20, na plani nyingi za makanisa zikiwemo za baadhi ya hospitali, COBRA ya shirikisho haiwagusi, huko nenda moja kwa moja sokoni na uulize sheria ya jimbo lako. Massachusetts kwa mfano mtalaka anaweza kubaki kwenye plani ya mwenzake kwa plani zinazofuata sheria ya jimbo.

Mdogo wangu, ndoa yako ilifika miaka 11, na hilo nalo liandike mahali: ndoa iliyotimiza miaka 10 inaweza kukupa ukiwa na miaka 65, kama hujaolewa, sehemu ya hospitali ya Medicare, bima ya serikali ya wazee, bila ada kupitia kazi aliyoifanya yeye. Kitunze cheti cha ndoa pamoja na dekrii.

Plani wakikuzungusha, piga 1-866-444-3272, ni wizara ya kazi ya Marekani, kitengo cha mafao, ushauri wao ni bure na huwa wanaipigia kampuni wenyewe. Jumatatu tarehe 13 pita ofisini kwenu na utume barua pepe, Jumanne tarehe 14 posta, maana Jumatatu hiyo ni sikukuu ya Columbus na posta zimefungwa. Ukipata zile karatasi za bei mbili niandikie tuzihesabu pamoja kabla ya Ijumaa.